Maswali ya Wasomaji: Kipimajoto cha Moto Usiogusika

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi kuhusu tokamaki, yaani mashine yenye umbo la tyubu ya gurudumu ambamo hidrojeni hupashwa joto, ikiwa imezuiliwa na nguvu za sumaku, mpaka viini vyake viungane na kutoa nishati kama vifanyavyo ndani ya Jua. Tulisema kwamba humo joto hufikia nyuzi milioni 150 za Selsiasi, kisha tukaendelea na mengine. Wasomaji hawakukubali kuendelea. Nimechagua barua tano, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa kuwa ndiyo inayozibeba nyingine.

Mhariri, ninafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne. Niliwasomea wanafunzi habari ya tokamaki, akasimama kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, hicho kipimajoto walichokitia humo kimetengenezwa kwa kitu gani hata kisiyeyuke?" Darasa likacheka, nami nikacheka nao, lakini nilipofika nyumbani niligundua kwamba sina jibu. Naomba msaada kabla hatujafunga shule. — Mwalimu wa sekondari, Tanga

Mwalimu, kijana huyo hakustahili kuchekwa, maana swali lake liliwahi kuwatoa watu Uingereza hadi Moscow. Mwaka 1968, katika mkutano uliofanyika Novosibirsk, wanasayansi wa Kisovieti walitangaza kwamba tokamaki yao iitwayo T-3 imefikia nyuzi milioni 10 hivi, na wenzao wengi wa Magharibi wakatia shaka. Mwaka uliofuata timu ya Waingereza kutoka maabara ya Culham, ikiongozwa na Nicol Peacock, ilikwenda Moscow na leza yake, ikaimulika plazma (gesi yenye joto kali hata atomu zake zikanyang'anywa elektroni), ikapima mwanga uliotawanywa na elektroni, na kukuta kwamba wenyeji walisema kweli. Hakuna kitu kilichoingizwa ndani isipokuwa mwanga.

Na hakuna kinachoweza kuingizwa. Tungsteni, ambayo miongoni mwa metali zote ndiyo inayostahimili joto zaidi kabla ya kuyeyuka, huyeyuka kwenye nyuzi 3,422. Ajabu ni kwamba hata kama ingestahimili, isingefaa, kwa sababu plazma hiyo ni nyembamba mno, takriban mara 250,000 kuliko hewa tunayoivuta, kwa hiyo kitu chochote kigumu kitakachotiwa humo kitaipoza na kuichafua kabla hakijasoma lolote. Ni sawa na kutaka kupima joto la tone la chai kwa kuliangushia jiwe la barafu.

Basi kilichobaki ni kutazama kwa mbali, na njia yenyewe unaweza kuionyesha darasani kwa jiko la gesi. Maji ya chumvi yakifurika kutoka kwenye sufuria na kugusa mwali wa buluu, mwali hugeuka njano papo hapo. Njano hiyo ni ya sodiamu iliyomo kwenye chumvi: elektroni yake hupandishwa ngazi na joto, kisha hushuka, na katika kushuka hutoa mwanga wa rangi moja maalumu ambayo haifanani na ya elementi nyingine yoyote. Mtu aliyeketi mita 5 kutoka jikoni anaweza kuapa kwamba chumvi imemwagika bila kuionja.

Sasa tazama shida ya tokamaki. Kuni zake ni hidrojeni nzito, na atomu ya hidrojeni ina elektroni moja tu, ambayo hunyang'anywa mapema sana joto linapoanza kupanda. Kiini kilichobaki peke yake hakina elektroni ya kupanda wala kushuka ngazi, na kwa hiyo hakina rangi ya kutuonyesha. Ukiona picha za kamera zilizopigwa ndani ya tokamaki ikiwa inafanya kazi, utaona utando wa waridi ukingoni, ambako gesi bado ni baridi kiasi, na katikati hakuna kitu. Unaona ukuta wa upande wa pili kana kwamba pale katikati pamebaki patupu. Pale panapoonekana patupu ndipo penye moto wenyewe.

Anayetuokoa hapo ni uchafu. Kuta za mashine ni za metali, na daima atomu chache hung'oka ukutani zikaingia kwenye plazma. Chuma ndicho mgeni aliyejulikana zaidi kwenye mashine za zamani. Atomu ya chuma ina elektroni 26, na hata kwenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi haivuliwi zote kwa urahisi. Mara nyingi hubakiwa na 2. Elektroni hizo 2 zimeshikwa karibu kabisa na kiini, kwa hiyo ngazi zake ni ndefu, na mwanga unaotoka zinaposhuka hauwi wa njano wala wa buluu, bali ni eksirei yenye urefu wa wimbi wa nanomita 0.185. Jicho haliioni, ila kitambuzi kinaiona.

Eksirei hiyo ikichambuliwa kwa urefu wa mawimbi yake huonekana kama mstari, na kinachotuambia joto ni upana wa mstari huo; hapa mwambie kijana asimame kando ya barabara kuu basi la mkoani likipita huku likipiga honi. Likija, sauti ni nyembamba; likishapita, huwa nzito. Ioni (atomu iliyovuliwa elektroni) inayotujia hufupisha wimbi lake kwa namna hiyo hiyo, na inayotukimbia hulirefusha, na kwa kuwa ndani ya plazma ziko ioni zisizohesabika zinazokwenda huku na huko, mstari ambao ungekuwa mwembamba kama uzi hutanuka ukawa kama utepe. Kadiri joto linavyozidi ndivyo ioni zinavyokwenda kasi na utepe unavyozidi kutanuka. Upana ukiongezeka mara mbili, joto limepanda mara nne.

Kama una dakika 40 za kipindi, wape hesabu hii. Prizimu ya kioo haiwezi kuchambua eksirei, kwa hiyo hutumika fuwele, ambayo safu zake za atomu huirudisha eksirei kwa pembe inayotegemea urefu wa wimbi; ni kanuni ya Bragg, ya baba na mwana waliogawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1915. Chukua fuwele ya kwatzi ambayo umbali kati ya safu zake, ukizidishwa mara mbili, ni nanomita 0.4913, na mstari wa gesi ya agoni iliyobakiwa na elektroni 2, ambao ni nanomita 0.3949. Gawanya, tafuta pembe ambayo saini yake (sine ya trigonometria) ni jibu hilo, utapata nyuzi 53.5. Sasa tuseme agoni hiyo ina joto la nyuzi milioni 35: ioni zake zinakwenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa sekunde, na mstari utatanuka kwa sehemu kama 7 tu katika kila 10,000. Kitambuzi kikiwekwa mita 3 kutoka kwenye fuwele, sehemu hizo 7 zitaonekana kama utepe wenye upana wa milimita 3 kasoro kidogo. Milimita hizo ndizo kipimajoto alichokiulizia kijana wako.

Waliofungua mlango huu ni akina Manfred Bitter na Kenneth Hill, kwenye tokamaki ya PLT huko Princeton, Marekani, ambao mwaka 1979 walichapisha vipimo vya joto la ioni vilivyotokana na upana wa mistari ya chuma. Mwaka mmoja kabla, mashine hiyo hiyo ilikuwa imefikia nyuzi milioni 60 kwa kurushiwa atomu zenye kasi. Kumbuka kwamba leza ya mwaka 1969 ilipima elektroni, ilhali vinavyotakiwa kuungana ni viini, na katika plazma inayopashwa kwa njia hiyo makundi haya mawili yanaweza kuwa na joto tofauti kabisa ingawa yako katika chombo kimoja. Ndiyo maana mstari wa chuma ulikuwa na thamani.

Njia hiyo hiyo hutoa zawadi ya pili. Mstari wote ukisogea upande mmoja badala ya kutanuka tu, maana yake plazma nzima inazunguka. Kwenye tokamaki ya Alcator C-Mod, katika chuo cha MIT, John Rice na wenzake waliutumia msogeo huo kuonyesha kwamba plazma inaweza kuzunguka yenyewe kwa kasi kubwa bila kusukumwa na miale yoyote kutoka nje, jambo ambalo wananadharia walihangaika nalo kwa miaka.

Ndugu Mhariri, mnasema chuma hubakiwa na elektroni 2. Kama moto umeweza kung'oa 24, umeshindwaje kumalizia 2? — Mwanafunzi wa chuo, Eldoret

Kwa sababu bei hupanda ghafla. Kuing'oa elektroni ya kwanza ya chuma hugharimu nishati ya elektronivolti 7.9, na zinazofuata hupanda bei polepole mpaka ya 24, ambayo hugharimu kama elektronivolti 2,050. Ya 25 hugharimu 8,830. Umeona pengo? Elektroni 2 za mwisho zinakaa katika tabaka la ndani kabisa, hakuna nyingine inayozikinga na mvuto wa kiini, na moto uliokuwa ukiendelea kuvuna bila taabu hukuta amebaki mwenye nyumba ambaye hatoki. Kwa hiyo, katika eneo pana la joto, ioni nyingi za chuma hukwama katika hali hiyo ya elektroni 2, inayoitwa hali ya mfano wa heliamu kwa kuwa heliamu nayo ina 2. Kukwama huko ndiko kunakotufaa. Ioni ambayo ingepita upesi kutoka hali moja hadi nyingine isingetoa mwanga wa kutosha kusomwa.

Na mwanga wenyewe si mstari mmoja. Mwaka 1972 Alan Gabriel, aliyekuwa akichunguza Jua, aliipa mistari mikuu minne ya ioni za namna hii majina w, x, y na z, na wanafizikia wa tokamaki wameyashika majina hayo hadi leo. Wa kwanza, w, ndio ung'aao zaidi. Wa mwisho, z, huitwa mstari wa mwiko, kwa sababu kanuni za kawaida za mshuko wa elektroni haziuruhusu. Elektroni hubaki imesimama kwenye ngazi hiyo muda mrefu kuliko wenzake, na kama hakuna chembe nyingine ya kuja kuigonga, mwishowe hushuka. Katika maabara za kawaida zenye gesi nzito migongano huwa mingi mno na mstari wa mwiko haupati nafasi; katika tokamaki, penye plazma nyembamba, unang'aa waziwazi.

Kati ya w na z kumejaa mistari midogo, nayo binafsi ndiyo inayonivutia zaidi. Hutokea elektroni huru inaponaswa na ioni na papo hapo nishati yake ikaipandisha elektroni iliyokuwa ndani, hivyo kwa kitambo kifupi sana ioni inakuwa na elektroni ya ziada, na mwanga wake hutoka ukiwa na wimbi refu kidogo kuliko w. Joto la elektroni likipanda, mistari hii midogo hufifia ikilinganishwa na w. Kwa hiyo katika picha moja ya fuwele moja unapata joto la ioni kutoka kwenye upana, na joto la elektroni kutoka kwenye uwiano wa mng'aro, bila leza.

Swali la halali lililobaki ni namna tunavyojua kwamba mstari fulani ni wa ioni fulani. Nadharia hukokotoa, lakini huhitaji kuhakikishwa, na tangu mwaka 1986 kazi hiyo imefanywa katika mtego wa ioni uliobuniwa kwenye maabara ya Livermore, California. Mwale wa elektroni wenye nishati unayoichagua mwenyewe hupita katikati ya mtego wa sentimita chache, huzivua atomu elektroni na kuzishikilia, nawe unasoma mistari ya hali moja ya ioni pasipo vurugu za plazma kubwa.

Mimi ni mpiga eksirei hospitalini. Je, hao wanaozisoma eksirei za tokamaki huvaa aproni za risasi kama sisi? — Mombasa

Si kwa ajili ya eksirei hizi. Za kwako zina nishati ya makumi ya maelfu ya elektronivolti, ndiyo maana hupenya kifua cha mgonjwa. Za agoni zina kama 3,100 tu, na hata hewa ya chumbani hula zaidi ya nusu yake ndani ya sentimita 5, sembuse ukuta wa chuma cha pua. Tatizo la mafundi wa vifaa hivi ni kinyume cha lako: wanahangaika eksirei isipotelee njiani. Hulazimika kuipitisha kwenye kidirisha chembamba cha berili, metali nyepesi, kisha ndani ya bomba lisilo na hewa au lililojazwa heliamu, mpaka ifike kwenye kitambuzi. Mnururisho unaoogopwa katika tokamaki zinazotumia deuteri na triti, yaani aina mbili za hidrojeni nzito, ni wa nyutroni, na ndio unaofanya watu wasiruhusiwe kuwa karibu mashine ikiwa kazini.

Kaka Mhariri, mimi ni fundi wa kuchomelea kwa agoni. Sindano yangu ni ya tungsteni, gesi yangu ni agoni. Nimeshangaa kusikia kwamba wenzetu wa nyuklia wanazo zote mbili, na kwamba moja ni adui na nyingine wanaitia wenyewe. Imekaaje? — Fundi, Dar es Salaam

Fundi, wewe unalijua jambo hili kwa mikono kuliko wengi wanaoliandika. Ukitetemeka ncha ya sindano ikagusa kidimbwi cha metali iliyoyeyuka, unafanyaje? Unasimama, unainoa upya, na pale palipoingia tungsteni unapasaga, kwa sababu mshono umeharibika. Tokamaki haina nafasi ya kusimama na kusaga.

Tungsteni ina elektroni 74. Hata katikati ya moto wa nyuzi milioni 150 haivuliwi zote. Hufika mahali ikabakiwa na kama 10, na hizo hupanda na kushuka ngazi bila kuchoka, kila mshuko ukitoa eksirei inayotoroka na nishati. Kwa hiyo kila atomu ya tungsteni ni kama tundu kwenye ndoo. Princeton waliligundua hili mapema: PLT ilipoanza ilikuwa na vizuizi vya tungsteni vya kuikinga plazma isiguse ukuta, na ikatokea kwamba katikati ya plazma palikuwa na baridi kuliko pembeni, maana tungsteni ilijikusanya pale na kuumwaga moto wote kama mwanga. Walivitoa wakaweka vya kaboni. Kaboni ina elektroni 6 tu. Zikishavuliwa zote, inanyamaza.

Ila kaboni nayo ina tabia ya kunyonya triti, ambayo ni mafuta adimu na yenye mnururisho, kwa hiyo watu wamerudi kwa tungsteni shingo upande. Tokamaki ya ASDEX Upgrade iliyoko Garching, Ujerumani, ilikamilisha kuta zote za tungsteni mwaka 2007. JET ya Uingereza ilibadili kaboni kwa berili na tungsteni mwaka 2011, na ndiyo iliyotoa megajuli 69 katika jaribio moja la mwaka 2023 kabla ya kufungwa. Na ITER, inayojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa, imeamua kutumia tungsteni hata pale palipokuwa pamepangiwa berili. Sharti lake ni kwamba katikati ya plazma tungsteni isizidi atomu chache katika kila 100,000. Anayehesabu atomu hizo chache ni fuwele ile ile, kwa kusoma mistari ya tungsteni yenyewe.

Agoni ni mgeni wa kualikwa. Haishikamani na kitu kikemia, unaweza kuipuliza kidogo sana kwa kipimo na kuiacha itoke, na ina elektroni 18, idadi inayoipa ile hali ya kubakiwa na 2 kwenye joto la tokamaki za ukubwa wa kati. Kuta za mashine zikiwa safi hata hakuna chuma cha kusoma, mtu hutia agoni ili apate cha kusoma. Wakati mwingine hutiwa kwa wingi kidogo ukingoni, ili umwagaji huo huo wa mwanga usambaze joto kabla halijachoma mahali pamoja pa ukuta. Kilicho hasara katikati ni faida pembeni. Ila katikati ya ITER agoni itakuwa imevuliwa karibu zote, na hapo ndipo wataalamu watakapolazimika kutegemea elementi nzito zaidi, tungsteni yenyewe ikiwamo.

Hapa kwetu wazee husimulia roketi zilizokuwa zikirushwa baharini Ngomeni. Mtu mmoja aliniambia zilihusiana na eksirei. Kuna ukweli? — Msomaji, Malindi

Upo, tena unaingia moja kwa moja kwenye mada yetu. Kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za angani, na kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka 7 ya uhuru, ikaitwa Uhuru. Tarehe 15 Oktoba 1974 ilifuata ya Waingereza, Ariel V. Hiyo ya pili iligeuzwa kulielekea kundi la magalaksi la Perseus, na mwaka 1976 wachunguzi wake walitangaza kwamba wameona humo mstari wa chuma kilichovuliwa elektroni karibu zote. Kwa mstari huo ilijulikana kwamba eksirei za kundi lile hutoka kwenye gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, iliyotanda kati ya galaksi na galaksi.

Kitambuzi cha Ariel V hakikuweza kutenganisha w na z; kiliona nundu moja tu. Iliyozitenganisha katika kundi lile la Perseus ni Hitomi ya Wajapani mwaka 2016, na upana wa mistari ulionyesha kwamba gesi ile inachafuka kwa kasi ya kama kilomita 164 kwa sekunde, utulivu ambao wengi hawakuutarajia. Hitomi ilipotea wiki chache tu baada ya kurushwa, na tangu Septemba 2023 iko angani nyingine, XRISM, inayoisoma mistari ile ile kwa majina yale yale aliyoyatoa Gabriel.